Maungio Yasiyo na Mita

Baba alisaka maji ya wizi miaka thelathini.
Newala, juu kule uwandani, maji hayaji kwa kuchimba:
yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni Kitangari,
na kila ndoo ina deni lake daftarini.
Alikuwa analala kifudifudi barabarani, sikio mchangani,
mpaka asikie bomba likinong'ona pasipostahili.
"Chimbeni hapa."
Palepale: mpira mweusi, umefungwa kwa kipande cha ndala,
unakatiza uchochoroni kwenda kwa mtu asiye na mita.

Leo pafu lake liko chini ya lenzi yangu, Ligula,
jembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
waridi na zambarau.
Jina kwenye kioo: Dadi Nalimanga, miaka sitini na saba.
Mchopa, mwenzangu wa zamu, alitaka kunipokonya trei.
Nikamwambia niache.
Nimelelewa na msakaji.

Naona ulivyoanza: punje ya ulezi,
haina mshipa wake, inaishi kwa unyevu wa majirani.
Ilipoanza kubanwa pumzi ikatuma ujumbe,
si kelele, harufu tu ya kemikali,
na mshipa wa jirani ukaitikia, ukachipua tawi,
tawi likazaa tawi.
Sasa ni vurugu. Mishipa imepinda, mingine haifiki popote,
mingi inavuja.
Kazi ya fundi wa usiku, angesema baba.

Alisema, kweli. Wodini, baada ya kukohoa:
"Hayo maungio. Nani aliyatilia saini?"

Sikujua nimjibu kwa lugha ya chuoni
au ile aliyonifundishia mwenyewe kwenye mkeka,
kijiti kikifuata mstari, kofi likifuata kosa.
Nikachagua mkeka.

Unakumbuka, baba, herufi na irabu?
Kila seli yako ina kitabu kilekile, herufi zilezile.
Lakini juu ya herufi kuna alama, ndogo kuliko nukta:
fataha hapa, tamka;
sukuni pale, tulia.
Ndiyo maana jicho si ini, na ini si ukucha.
Sasa, ilikuwepo jeni moja kama wewe,
kazi yake kukemea mishipa isichipue ovyo.
Haikufutwa. Haikukosewa hata herufi.
Imetiwa sukuni.

Alitazama dari muda mrefu.
"Kumbe mlinzi yupo."
Yupo.
"Kazibwa mdomo tu."
Ndiyo.
"Aliyemziba ni sigara, au ile salfa ya mikorosho?"
Kioo hakisemi, baba. Kinaonyesha maji yanakokwenda,
hakionyeshi nani alishika jembe.

Akacheka, na kicheko kikamgharimu.
"Sasa sukuni si unaifuta?"

Hapo ndipo nilipotamani kuwa mwongo.
Dawa za kufuta zipo, lakini hazichagui ukurasa:
zinapangusa kitabu kizima,
na alama iliyomnyamazisha mlinzi
ni dada wa alama inayowanyamazisha wezi.
Zipo pia za kukata mabomba.
Unakata hili, uvimbe unatoboa lile.
Zote ziko mbali, na bei yake
inakula korosho za misimu mitatu, ghala na mizani.
Nilisema: tutaandika rufaa.
Nilisema: daktari atakuja Jumanne.

Hakuuliza tena. Alikuwa anasikiliza kitu kingine,
kichwa kimeinama upande, kama zamani.

Koki ya sinki, mwisho wa wodi.
Tone. Kimya. Tone.
Manesi walikuwa wameshaizoea, hata mimi.

Akashusha miguu, akakamata kile chuma cha dripu
akakisukuma mbele yake kama baiskeli bovu,
vitanda kumi na moja, akipumzika kila kitanda cha tatu.
Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika.
Akaikaza koki kwa vidole viwili, akasubiri,
akaikaza tena.

"Washa ifunguliwe," akasema, "ibadilishwe.
Hapa nimeiziba tu."